Mtoto Aliyekimbia Darasani: Mazungumzo Juu ya Jon Fosse

(Maneno haya niliyasema mbele ya wasomaji wenzangu jioni moja ya mvua. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka.)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Wenzangu wa rika langu, poleni na tope la huko nje. Nimeambiwa nina dakika arobaini na tano, na mwenyekiti amenionyesha saa yake mara mbili, kwa hiyo naanza.

Mwalimu alimwita mtoto asome kwa sauti. Jambo la kila siku, nyote mmepitia hapo. Ghafla hofu ikamvaa mtoto yule, hofu isiyo na sababu, ikamjaa mpaka akawa hana kingine ndani yake isipokuwa hofu. Akainuka, akatoka mbio. Anasema aliyaona macho ya wenzake na ya mwalimu yamewatoka, yakimsindikiza hadi mlangoni. Baadaye akasingizia kwamba alibanwa na haja. Walipomtazama akajua hawakumwamini, na huenda walidhani ameanza kurukwa na akili. Toka siku ile akawa anawaomba walimu wasimwite kusoma. Wengine walimhurumia. Wengine walidhani anawafanyia mzaha.

Tarehe 7 Desemba 2023, mjini Stockholm, mtoto yule akiwa mzee wa miaka 64, mwenye mvi na nywele alizozifunga kisogoni, alisimama mbele ya Chuo cha Uswidi kinachotoa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, akasoma kwa sauti. Na kisa alichokichagua kufungulia hotuba yake ni hicho hicho cha kukimbia darasani. Alisema hofu ile ilikuwa kama imemnyang'anya lugha yake, ikambidi aende kuitwaa tena. Akaitwaa kwa kuandika: vishairi, vihadithi, vitu vya kujificha navyo. Humo akapata mahali ndani yake palipokuwa pake peke yake.

Huyo ndiye Jon Fosse. Nitasema mengi, lakini mkiweke kisa hicho karibu, maana mimi naamini ukikisahau utamsoma mtu huyu vibaya. Mimi mwenyewe nilimsoma vibaya, na nitaungama hapa mbele yenu kabla sijashuka.

Amezaliwa tarehe 29 Septemba 1959 mjini Haugesund, magharibi ya Norwei, akakulia Strandebarm, kijiji kilicho kando ya Hardangerfjord. Wale ambao hamjaona picha, fjord ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu, mrefu na mwembamba, umebanwa na milima pande zote mbili, kwa hiyo mtu anaweza kukaa mbali kabisa na bahari kuu na bado maji ya chumvi yakawa mbele ya mlango wake. Mvua hainyeshi ikaisha. Majira ya baridi jua huchungulia tu likaondoka. Nyumba zimetawanyika, kila mtu na mashua yake, kila mashua na banda lake pale ukingoni. Banda hilo la mashua wao huliita naust, na Fosse ana riwaya yenye jina hilo, Naustet, ya mwaka 1989. Anayezijua fukwe zetu asidhani ni sawa na kwetu, ambako chombo kikiingia watu hujaa pwani kwa kelele, huyu anauza, yule anagombana. Kule mtu anakwenda kuvua peke yake, anarudi peke yake, na jirani akimwona anainua mkono tu.

Alipokuwa na miaka saba aliteleza kwenye barafu akiwa na chupa mkononi. Chupa ikavunjika, ikamkata mshipa wa damu. Akapelekwa kwa daktari huku damu inamtoka, na njiani akaiangalia nyumba yao akijua kwamba anaiona kwa mara ya mwisho. Anasema alijiona kwa nje, kama mtu anayemtazama mtu mwingine, na kila kitu kilikuwa kimetulia na kinang'ara. Amesema mara nyingi kwamba jambo lile ndilo lililomfanya awe mwandishi. Mimi huwa nawashuku waandishi wanapojitafutia asili ya kipaji chao, kila mmoja ana bibi aliyekuwa akimhadithia kando ya moto. Lakini kwa Fosse nakubali, kwa sababu kila kitabu chake kina mtu anayejiona kwa nje, na kila kitabu chake kimesimama pale mpakani, mguu mmoja huku na mguu mwingine kule.

Ongezeni na hili: katika ukoo wake kulikuwa na Wakwekeri. Hawa ni Wakristo ambao katika ibada yao ya asili hakuna mahubiri wala mimbari. Watu wanakaa kimya pamoja, wanangoja. Akiguswa mtu, anasema. Asipoguswa mtu, wanakwenda nyumbani. Sasa fikirini kijana aliyeogopa kusoma kwa sauti, ametoka katika watu wanaoamini kwamba kimya chenyewe ni namna ya kusema.

Sasa nije kwenye lugha, na hapa nitakawia kidogo.

Tukisikia Mnorwei tunadhani ana lugha moja, Kinorwei, basi. Hapana. Kuna Kinorwei cha kuandikwa cha aina mbili, zote mbili rasmi, zote mbili zinafundishwa shuleni. Moja inaitwa bokmål, nyingine nynorsk. Norwei ilikaa chini ya wafalme wa Denmaki kwa karne nyingi, hadi mwaka 1814, na katika muda huo wote maandishi yalikuwa ya Kidenmaki. Mchungaji alihubiri kwa Kidenmaki, hakimu alihukumu kwa Kidenmaki, na mkulima alirudi nyumbani akaongea kilugha chake. Bokmål imetokana na Kidenmaki hicho kilichozoeleka mijini, kikanyooshwa polepole kufuata matamshi ya Kinorwei. Ndiyo inayotumiwa na walio wengi mpaka leo.

Nynorsk ina baba, na baba huyo anajulikana kwa jina. Ivar Aasen, mtoto wa mkulima, alizaliwa 1813. Katika miaka ya 1840 alizunguka nchi, bonde hadi bonde, akikusanya maneno ya watu wa mashamba na wavuvi: nyie hiki mnakiitaje, na kile je? Akayalinganisha, akatafuta shina lao moja, akalijengea sarufi iliyotoka 1864 na kamusi iliyotoka 1873. Alikuwa anasema, kwa vitendo, kwamba lahaja za watu wa chini si lugha ya mjini iliyoharibika. Zina mizizi mirefu kuliko ya mjini. Mwaka 1885 bunge likapitisha kwamba lugha zote mbili zina hadhi sawa. Hadi leo wanaoandika nynorsk ni wachache, baina ya asilimia 10 na 15 ya watu, wengi wao huko magharibi alikozaliwa Fosse.

Sisi tunaijua habari hii kwa upande wake wa pili. Mwaka 1928 walikaa watu Mombasa wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Kimvita chenye mashairi yake ya karne kadhaa kikaambiwa kikae kando, Kiamu vilevile. Sisemi walikosea. Nasema mpaka leo kuna mtoto wa Pemba au wa Lamu anayekosolewa kwa kalamu nyekundu kwa neno alilonyonya kwa mamake, na sisi hatukupata Aasen.

Fosse ameandika nynorsk maisha yake yote. Riwaya, tamthilia, mashairi, insha, vitabu vya watoto, vyote. Hata riwaya ya Franz Kafka ya yule mtu anayeshtakiwa bila kuambiwa kosa lake, Fosse ameitia katika nynorsk. Alipopata Nobel alikuwa Mnorwei wa kwanza baada ya Sigrid Undset wa mwaka 1928, yaani miaka 95 ilikuwa imepita, na kabla ya hao walikuwa Bjørnstjerne Bjørnson mwaka 1903 na Knut Hamsun mwaka 1920. Lakini kwa nynorsk, alikuwa wa kwanza kabisa.

Najua kuna mtu hapo nyuma ananyoosha mkono. Unataka kuniuliza juu ya Abdulrazak Gurnah. Ndiyo, mtoto wa Unguja, Nobel ya 2021, miaka miwili kabla ya Fosse, na ameandika kwa Kiingereza. Riwaya yake moja sasa tunaweza kuisoma kwa Kiswahili, Peponi, kwa hisani ya mfasiri Ida Hadjivayanis. Mtu aliyeondoka kisiwani na ghasia nyuma yake, akajenga maisha ugenini, akaandika kwa lugha iliyompa kalamu, mimi simhukumu. Ninachotaka mjue ni kwamba Fosse hakuwezekana kwa ushujaa wake peke yake. Nynorsk ina nyumba yake ya uchapishaji, Samlaget, tangu 1868. Ina jumba lake kubwa la maonyesho katikati ya Oslo. Na tangu 1965 serikali ya Norwei hununua mamia ya nakala za kila riwaya mpya inayopita mchujo, ikazigawa kwenye maktaba za nchi nzima. Ina maana mtu akiandika kitabu kigumu, kwa lugha ya wachache, kitabu ambacho hakuna atakayekipangia foleni, bado kitachapwa na kitakaa rafuni Strandebarm. Tunapolalamika kwamba waandishi wetu wanakimbilia Kiingereza, tuwaulize kwanza maktaba zetu zinanunua nini.

Haya, turudi kwa mtu wetu.

Ujanani alikuwa na gitaa na nywele ndefu, anataka kuwa mwanamuziki. Akaliacha gitaa. Anasema alichokuwa akikitafuta kwenye gitaa alikwenda kukitafuta kwenye maandishi, na msomaji atakubali, maana nathari yake inakwenda kwa marudio kama wimbo unavyorudi kwenye kibwagizo. Akasoma Chuo Kikuu cha Bergen. Mwaka 1983 akatoa riwaya ya kwanza, Raudt, svart, yaani Nyekundu, Nyeusi. Wahakiki hawakuipenda, na vitabu vilivyofuata pia vilipigwa. Huko Stockholm alisema kwamba angewasikiliza wahakiki, angeacha kuandika miaka arobaini iliyopita. Na tuzo zilipoanza kumiminika akajiwekea kanuni ile ile: kama hukuwasikiliza walipokutukana, usiwasikilize wanapokusifu.

Kwa muda alifundisha uandishi Bergen, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa kijana anayeitwa Karl Ove Knausgård, ambaye baadaye alijulikana duniani kwa kuandika majuzuu sita juu ya maisha yake bila kuficha kitu. Mwalimu anaficha kila kitu, mwanafunzi hafichi lolote. Ningependa sana kuwa nzi kwenye ukuta wa darasa lile.

Tamthilia aliziandika kwa kukosa fedha. Aliombwa, akawa hana pesa, akakubali, akaandika ile ya kwanza, Nokon kjem til å komme, maana yake Kuna Mtu Atakuja: mume na mke wamenunua nyumba ya zamani kando ya bahari ili wawe peke yao, na tangu wanafika wana hakika kwamba kuna mtu atakuja. Anakuja. Mwaka 1999 Claude Régy akaiweka jukwaani Ufaransa, na baada ya hapo Ulaya nzima ikamgombania. Leo kazi zake zimefasiriwa katika lugha zaidi ya 50. Neno linalojitokeza zaidi katika tamthilia zake, amesema mwenyewe, si neno la mhusika yeyote. Ni neno la maelekezo kwa mwigizaji: kimya. Kimya kirefu. Kimya kifupi. Mtoto aliyenyang'anywa sauti alikuwa amepata mahali ambapo kunyamaza kunaandikwa kwenye karatasi na mtu analipwa kukutekeleza. Juu ya jukwaa sisemi zaidi, mie mtu wa riwaya.

Riwaya, basi. Nitawapa mbili na nusu.

Ya kwanza ni Melancholia, ya 1995, na sehemu yake ya pili ya 1996. Inamhusu mchoraji aliyeishi kweli, Lars Hertervig, mtoto wa Wakwekeri maskini, alizaliwa 1830 katika kisiwa kidogo. Akapelekwa Düsseldorf, Ujerumani, kusomea uchoraji. Huko akili zikamtoka. Alilazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Gaustad, kisha akarudi kwao Stavanger akaishi kwa ufukara hadi 1902, akichora kwenye vipande vya karatasi alivyoviunganisha kwa gundi kwa sababu hana turubai. Leo picha zake za mawingu zinaning'inia katika majumba ya makumbusho. Fosse anatuweka kitandani pamoja na Hertervig kijana, Düsseldorf, amelala na suti yake ya zambarau, hataki kwenda studio kwa sababu mwalimu wake, Hans Gude, atakuja kuitazama picha yake. Na itakuwaje Gude akisema hajui kuchora? Wazo hilo linazunguka, linarudi, linazunguka, ukurasa baada ya ukurasa. Mimi naweza kuchora. Gude anaweza kuchora. Wale wengine hawawezi kuchora. Mnaona? Ni mtoto yule yule. Mwalimu anakuja, na mtoto anatafuta mlango.

Ya pili ndiyo kubwa, Septologien. Sehemu saba, majuzuu matatu, yametoka 2019, 2020 na 2021. Mamia ya kurasa, na ndani yake hakuna nukta hata moja. Mikato ipo, alama za kuuliza zipo, lakini nukta, ile ya kumwambia msomaji vuta pumzi, haipo. Mzee Asle, mchoraji, mjane, anaishi kando ya fjord. Mkewe Ales amekufa zamani na bado anazungumza naye. Jirani yake Åsleik, mvuvi, humletea kondoo na samaki na kuni, na malipo yake ni picha moja kila mwaka ili ampe dada yake zawadi ya Krismasi. Mjini yuko Asle mwingine, mchoraji vilevile, anafanana naye, ila huyu anajiua kwa pombe. Asle wa kwanza anamkuta ameanguka kwenye theluji, anampeleka kupata matibabu, anamchukua mbwa wake. Hayo ndiyo matukio. Nimewahadithia karibu yote kwa pumzi moja.

Kila sehemu inaanza Asle akiitazama picha ile ile, mistari miwili imekatana, mmoja wa zambarau na mmoja wa kahawia, hajui kama picha imekwisha. Kila sehemu inamalizika akishika rozari yake, anasali, pumzi ndani, pumzi nje, mpaka maneno yanakatika. Mtu aliyewahi kukaa pembeni wakati wa nyiradi, akasikia jina moja linarudiwa mpaka linaacha kuwa jina linakuwa pumzi, huyo hahitaji mhakiki wa kumweleza kinachotokea pale.

Asle mlevi si mtu wa kubuni tu. Fosse alikunywa sana, na alikunywa mpaka mwili ukamshinda. Mwaka 2012 akaacha, na katika kipindi hicho hicho akapokewa katika Kanisa Katoliki, jambo lisilo la kawaida kwa Mnorwei, ingawa Undset alifanya hivyo hivyo mwaka 1924. Wale Asle wawili ni mtu mmoja kwenye njia panda, yule aliyeacha na yule ambaye hakuacha, na aliyeacha anamwinua mwenzake kutoka kwenye theluji. Katika vitabu vyake vyote, ukurasa ule ndio ninaoupenda kuliko yote.

Sitaki mdhani nimekuja kumfanyia maulidi. Nina ugomvi naye. Majina, kwanza: Asle, Ales, Alida, Åsleik, anayazungusha kama karata, kitabu hadi kitabu, mpaka unashika kalamu kuchora ukoo, na ukoo wenyewe haupo. Halafu wanawake. Ales wa Septologien ni mtakatifu aliyekufa, hana kosa hata la kuunguza wali. Mwanamke akiwa hai kwa Fosse, mara nyingi kazi yake ni kusimama dirishani akimngoja mwanamume aliyekwenda baharini. Mtu aliyekuwa karibu na dirisha angekuwa na mengi ya kusema juu ya hilo, naye Fosse ambaye anajua kusikiliza hakumsikiliza vya kutosha. Hayo ni yangu.

Siku alipopewa Nobel, tarehe 5 Oktoba 2023, alikuwa anaendesha gari huko mashambani magharibi ya Norwei, simu ikamkuta barabarani. Tayari alikuwa na nyumba ya heshima ndani ya bustani ya kasri la mfalme, Oslo, inaitwa Grotten, nyumba ambayo mfalme humpa msanii mmoja akae humo. Chuo cha Uswidi kilisema anakipa sauti kisichosemeka. Na katika hotuba yake ya Stockholm alizungumza juu ya jambo lililomtia wasiwasi: vitabu vyake vina watu wengi wanaojiua, kuliko anavyopenda kukumbuka, na alihofu kwamba huenda amewapa watu ruhusa. Kilichomgusa kuliko yote ni barua za wasomaji waliomwambia kwamba maandishi yake yaliwaokoa wasijiue. Akamaliza kwa kumshukuru Mungu, akakaa.

Sasa ungamo nililowaahidi.

Mara ya kwanza kumsoma nilishindwa. Nilipata riwaya yake fupi, Morgon og kveld, Asubuhi na Jioni, ya mwaka 2000, kwa tafsiri ya Kiingereza. Nikaisoma kama ninavyosahihisha insha za wanafunzi, kwa macho, haraka, natafuta hoja iko wapi. Marudio yakanichosha. Nikaandika pembeni, kwa penseli, "kesha sema hili". Nikairudisha rafuni, nikawaambia watu kwamba Wazungu wakikosa la kutuzwa hutuza ukungu.

Kisha mama yangu akaugua. Miezi ile nililala chumbani kwake, Pangani, na usiku usingizi ukimruka alikuwa ananiambia, nisomee kitu. Kur'ani nilimsomea, magazeti nilimsomea, yakaisha. Kitabu kilichobaki kwenye mkoba kilikuwa kile. Nikawa nakisoma kwa Kiingereza kichwani, natoa Kiswahili kwa mdomo, polepole kwa sababu natafuta maneno. Na jambo likatokea: sentensi zilizonichosha kwenye karatasi zikawa hazichoshi kwenye hewa. Zilikuwa zinapumua. Mama alikuwa anaitikia, "ehee", "ehee", pale pale ambapo mwandishi alikuwa ameacha nafasi.

Sehemu ya kwanza, mtoto anazaliwa. Baba, Olai, mvuvi, anangoja nje ya chumba, mkunga yumo ndani, na mtoto ataitwa Johannes. Mama akatikisa kichwa, akasema wanaume wote wakingojeshwa mlangoni wanakuwa hivyo hivyo. Sehemu ya pili, Johannes ni mzee. Mke amekufa. Anaamka asubuhi moja na mwili ni mwepesi, hauna maumivu yaliyouzoea. Anakwenda pwani, anamkuta rafiki yake Peter, ambaye kwa miaka mingi walikuwa wakinyoana nywele wenyewe kwa wenyewe ili wasimlipe kinyozi. Nywele za Peter ni ndefu, nyembamba, nyeupe. Johannes anataka kumnyoa. Wanaingia kwenye mashua, wanatoka. Johannes anateremsha mshipi.

Hapo, jamani, mama yangu akaniambia ngoja. Yeye ni binti wa mvuvi, amekulia juu ya ngarawa. Rudia, akasema. Nikarudia: Johannes anateremsha mshipi, na chubwi la kuzamishia mshipi haliendi chini. Limeshuka hatua kama moja hivi likasimama. Analivuta, analitupa upande wa pili wa mashua. Linashuka hatua moja, linasimama. Maji ni safi, wanaliona pale linaning'inia, na chini kina ni kirefu.

Mimi nilikuwa nimeshapita ukurasa ule mara moja na penseli mkononi, sikuona kitu. Nikataka kuendelea kusoma. Mama akanishika mkono.

"Bahari imemkataa," akasema. "Huyo keshakufa, ila hajaambiwa."